Majani ya Chuma ya Ambokile

Pale Ipyana, mtu aliyetaka kujua kama Ambokile yupo nyumbani hakuwa na haja ya kubisha hodi. Alisimama tu barabarani akasikiliza. Nyundo ikilia, yupo. Isipolia, basi ama ni Jumapili na amekaa kanisani benchi la nyuma, ama kuna gari la mtu limezama matopeni kati ya Kyela na Mwaya na wamekuja kumchukua. Hakuwa mtu wa maneno. Mungu alipokuwa akigawa, kwake alijaza mikono akasahau ulimi. Nayasema haya mapema, ili mtu asije akadhani huko mbele kwamba alinyamaza kwa kukosa la kusema.

Chuma alikirithi kwa wajomba. Mama yake alikuwa binti wa Kikinga, wa ile milima inayosimama juu ya Matema, na wajomba zake walikuwa wahunzi walioshuka na majembe mabegani kuja kuyabadilisha na chakula cha bondeni. Ujanani alipanda huko akakaa nao, akavuta mivukuto mpaka nyusi zikaungua, ndipo akaruhusiwa kushika nyundo. Vita ya Hitla ilipoanza, Mwingereza alitafuta mafundi, naye akachukuliwa. Walimweka katika karakana ya malori ya jeshi, Kenya kwanza, kisha Uhabeshi. Alirudi na koti la kijeshi, kikohozi ambacho hakikumtoka tena, na elimu ya magari.

Tajiri wa kinu cha mpunga pale Kyela alikuwa na lori moja, na lori hilo likawa linalala kibandani kwa Ambokile mara nyingi kuliko linavyolala kwa mwenyewe.

Mwaka mmoja mpunga ulikubali kuliko kawaida, tajiri akaagiza tela. Watu walikuwa wameshaona matela ya kukokotwa kwa ufito wa chuma, yanayofuata gari kama ndama nyuma ya mama yake. Hili lilikuwa la namna nyingine. Halikuwa na magurudumu ya mbele. Mbele lilikuwa na shingo, na shingo hiyo ilipandishwa mgongoni mwa lori ikalazwa pale, juu ya sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, ikafungwa kwa pini. Bodi ya lori iling'olewa yote, kikabaki kichwa na kiti chake, na nyuma mifupa mitupu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wa tela ilikuwa inabebwa na lori lenyewe.

Walipolipakia magunia mara ya kwanza, lori lilikaa kitako kama mbwa, pua juu. Dereva wake, mtu wa Kyela aitwaye Enoki, aligeuza usukani huku gari likienda linakotaka, maana magurudumu ya mbele yalikuwa yanaigusa ardhi kwa kuiogopa. Springi za nyuma zilikuwa zimenyooka, kisha zikapinda upande usio wake. Tajiri alikuna kichwa. Enoki akasema yeye ana watoto. Ndipo wote wawili wakageuka wakamtazama Ambokile.

Asiyejua magari hudhani springi ni kitu kimoja. Springi ya lori ni ukoo mzima: majani ya chuma yaliyolaliana, lile refu juu, chini yake fupi kidogo, chini yake fupi zaidi, mpaka kitinda mimba wao, yote yamefungwa kiunoni kwa bolti moja. Lile refu hubeba, na mafupi hulishika mkono lisivunjike. Ambokile alikwenda kwenye mzoga wa lori moja la jeshi uliokuwa ukiota nyasi njia ya Njisi, akafungua majani yake, akayaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliyatia motoni moja moja, akayakunja yafuate mgongo wa yale ya zamani, akayazamisha kwenye mafuta machafu ya injini, kisha akayapiga nyundo na kuyasikiliza. Lililolia vibaya lilirudi motoni. Mwishowe alifunga majani mapya chini ya yale ya zamani, kushoto na kulia sawa, akafua na vyuma vya kuyabana kwenye ekseli. Springi za mbele hakuzigusa, kwa kuwa mzigo hauendi mbele.

Walipopakia tena, lori lilisimama wima kama halijabeba kitu. Tajiri alilizunguka akicheka peke yake. Ambokile alifuta mikono, akamwambia Enoki neno moja tu.

"Sasa hili halipendi kwenda tupu. Lisipopata mzigo, springi hazipindi. Na zisipopinda, kila shimo atalila aliyekaa nyuma."

Ikawa hivyo hivyo. Makuli waliorudi kutoka Tukuyu wamekaa ndani ya tela tupu waliteremka wameshika viuno, wanamtukana fundi bila kumtaja jina. Enoki mbele, juu ya zile springi laini za zamani, alikuwa amekuja njia nzima anapiga mluzi.

Sasa nimtaje Mika. Ambokile na mkewe Marita walizika watoto kadhaa, akabaki huyo Mika. Alimwoa Rut, binti wa wakulima wa Njisi, akamjengea nyumba ng'ambo ya migomba ya baba yake. Kisha, kama vijana wengi wa wakati ule, akaondoka kwenda migodi ya shaba Rhodesia, mimba ya mkewe ikiwa bado changa. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni pa kibanda.

"Tata, nakuachia Rut."

"Nimesikia," Ambokile akajibu, na alipotaka kuongeza neno, Mika alikuwa ameshapinda kona.

Kumwachia baba mkwe mke wa mtu si jambo jepesi kwa Wanyakyusa, maana hao wawili hawaonani. Si kwamba wanachukiana. Jambo lenyewe huitwa ukutila, yaani kuogopa, na heshima ndiyo hiyo hofu yenyewe. Mwanamke hamtazami baba wa mumewe, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja, na akimsikia anakuja hujitoma migombani na kujifunika. Mwanamume naye hukohoa kabla ya kutokeza. Mchungaji alishasema kanisani kwamba hayo hayamo katika amri za Mungu, na watu wakaitikia amina, wakatoka nje, Rut akashika njia yake na Ambokile yake. Kile kikohozi cha vita, angalau hapo, kilimfaa.

Kwa hiyo alimtunza asiyemwona. Alijua unyayo wake kwenye vumbi, aliujua mchi wake kwa namna ulivyotwanga haraka haraka kisha ukapumzika. Kuni zilipopungua ng'ambo ya migomba alizipasua yeye, akaziacha mahali pa kuzikuta. Uso wake hakuwahi kuuona, na hakutaka kuuona. Alimpenda hivyo hivyo, kwa upande, kama wanavyopendana watu waliokatazwa kutazamana.

Mvua kubwa za masika zilikuwa zimeshaloweka bonde zima Rut aliposhikwa na uchungu. Jua lilizama, likachomoza, na mtoto hakutoka. Atuganile, mkunga mzee ambaye nusu ya Ipyana ilipita mikononi mwake, alitoka nje akanawa mikono kwa maji ya mvua yaliyokuwa yakichuruzika kutoka paani. Marita alimfuata.

"Amelala kiubavu," Atuganile akasema. "Nimemgeuza, anarudi. Huyu si wangu tena, ni wa hospitali. Na mama yake akichelewa, atamfuata."

Hospitali ilikuwa juu, upande wa Tukuyu, njia ya mashimo na utelezi. Kumbeba mtu kwa machela kwa mvua ile ilikuwa ni kumbeba maiti wa kesho. Lakini lori la tajiri lilikuwepo kibandani, tela limefungwa mgongoni, tupu, likingoja magunia. Enoki ndiye hakuwepo. Alikuwa amekwama kwao ng'ambo ya mto uliofurika. Mwingine aliyejua kushika usukani pale alikuwa mmoja, Ambokile.

Hapo ndipo Nsajigwa alipoanza. Nsajigwa alikuwa kaka yake mkubwa na mkuu wa ukoo, mtu ambaye hata mvua ikinyesha alitaka iulize kwake kwanza.

"Ugwe Ambokile," akasema, "utamwendesha mke wa mwanao? Utakaa naye wapi?"

"Mbele kuna nafasi ya watu watatu."

"Mbele ni chumba. Kina mlango, kina dari. Mkiingia humo mmeingia nyumba moja. Mtoto akizaliwa kilema, utamwambia nini Mika?"

Mzee mmoja akadokeza kwamba hata tela lina shaka, maana shingo yake imelala mgongoni mwa gari, ni mwili mmoja. Mwingine akasema hapana, pini ikitolewa vinaachana, kwa hiyo ni nyumba mbili zilizoshikana ukuta. Walibishana hivyo, wanaume wazima, wamejifunika majani ya migomba vichwani, huku ndani Rut akilia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ambokile alisimama katikati yao. Alijua kitu ambacho hawakukijua. Alijua springi zile, jani kwa jani. Lakini jina la Mika lilikuwa limetajwa, na mambo ya heshima yalikuwa yamemkaa mwilini tangu kabla hajajua kutembea. Alisema, "Basi tela." Alilisema bila kumtazama mtu.

Walitandika majani ya mpunga, wakatandika mikeka juu yake, wakambeba Rut amefunikwa gubigubi. Ambokile alikuwa amegeukia injini mpaka Marita alipogonga ubao kuashiria wamekaa. Yeye na Atuganile walimshika kila mmoja upande wake. Gari likaondoka.

Shimo la kwanza lilikuwa mbele ya kanisa. Ambokile alilipita polepole kama anayekanyaga mayai. Aliposikia springi za nyuma hazikupinda, zikarusha tela lote juu na kulibwaga, moyo wake ulibwagwa nalo. Kisha ikaja sauti ya Rut. Hakuwahi kuisikia kabla ya siku ile. Shimo la pili, sauti tena. Alijaribu kwenda taratibu zaidi, lakini ugumu wa chuma hauishi kwa mwendo wa polepole. Majani aliyoyachoma mwenyewe, akayasikiliza yakilia vizuri, sasa yalikuwa yakimpiga mtoto wa watu kama mchi. Alishika usukani huku machozi yanamtoka, akafanya lile asilopaswa kufanya: aliendelea. Alipita mashamba ya mpunga, akapita madaraja ya magogo, akaendelea mpaka pale bonde linapokoma na njia inaanza kupanda.

Hapo mkono ulipiga ubao wa tela, ukapiga tena bila kuacha. Alisimamisha gari. Atuganile alikuja dirishani, mvua inamtiririka usoni.

"Baba Mika, sikuja kukuuliza mambo ya wazee. Gari lako linamuua. Mtoto sijui kama bado yupo, lakini mama yupo. Nifanye nini?"

Ambokile aliteremka. Alitembea mpaka nyuma, akasimama amelipa tela mgongo, ameitazama ile njia waliyotoka. Marita alimwona akivua kofia, na mvua ile. Kisha akamsemesha mke wa mwanawe.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyezifunga springi hizi. Najua zinapopiga, na najua pasipopiga. Mahali laini katika gari hili ni pale tu ninapokaa. Ningeweza kukupisha ukakaa peke yako, ningekupisha, nikaja kufa mimi huku nyuma. Lakini hakuna wa kuendesha." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nilijua tangu nyumbani, nikanyamaza mbele ya watu. Kosa hilo ni langu. Na hili la sasa nalo litakuwa langu. Mika nitamwambia mimi. Mika aliniachia wewe. Panda mbele, mama."

Marita anasema alimwona Rut akitikisa kichwa chini ya nguo, kukataa, kisha uchungu ukamshika, na ulipomwachia akasema kwa sauti ndogo:

"Juba, nifunike vizuri."

Juba ni mama, na Marita alimfunika. Walimhamishia mbele, upande wa mlango, na Marita akakaa katikati akiwa ameshika mkeka wima, ukuta wa ukindu kati ya mkwe na mkwe. Atuganile alibaki nyuma peke yake kulila lile tela, na mpaka anakufa hakuacha kuwakumbusha watu.

Springi za mbele zilikuwa laini. Gari lilipanda likiyumba kama mtumbwi mahali penye maji tulivu, na kile kilio cha kukatika kikawa kuguna. Kwenye kona moja karibu na kilele tairi liliteleza, Marita akaachia mkeka ashike kiti. Ambokile hakugeuka. Lakini mtu hawezi kuyaziba macho yake akiendesha, na mbele yake, juu ya ubao wa chini ya kioo, aliuona mkono umeshikilia, mwembamba, vidole vimekazana. Basi. Marita aliokota mkeka akausimamisha tena.

Pale hospitali Rut alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa ameshatangulia.

Walimzika Ipyana. Na maneno yakaanza, maana watu hawamwachii Mungu kazi yake. Walisema kilichomuua mtoto ni ile nyumba moja. Walisema mwanamke aliketi na baba mkwe paja kwa paja. Walisema mkeka ulianguka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hao waliokuwa na majani ya migomba vichwani ndio walioupima na kuuona mwepesi. Nsajigwa alidai ng'ombe wa kutakasa ukoo, na Ambokile alimtoa bila kubisha, ng'ombe mzuri wa maziwa, akamshika kamba mwenyewe mpaka mlangoni kwa kaka yake.

Mika aliporudi likizo, Ambokile alimweleza yote, kibandani, wamesimama. Alimweleza lile la tela na lile la mbele. Mika aliokota spana, akaichezea.

"Mke wangu yupo, tata," akasema mwishowe. "Ndaga. Asante."

Mtu mwingine angeona limekwisha hapo. Lakini Ambokile hakuwa akiulaumu ukaribu wa kule mbele, hata kidogo. Aliyajua mashimo kutoka kanisani mpaka mwanzo wa mlima, kila moja, na alijua nani aliyafanya yawe magumu. Wanakijiji walikuwa wakimhukumu kwa kipande cha njia ambacho aliendesha kwa haki, na kile alichokosea hakuna aliyekitaja. Atuganile aliwahi kumwambia kwamba huenda mtoto alishakufa kabla hawajatoka nyumbani. Alimshukuru, na hakumwamini. Alitaka kusikia neno kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye pekee ambaye mila haikumruhusu kumwuliza. Rut alikuwa amerudi kwenye ukutila wake, tena kwa ukali kuliko zamani. Akisikia kikohozi, hata akiwa mbali, alijifunika na kupotea. Je, ilikuwa heshima ileile, au ilikuwa chuki iliyopata nguo ya kuvaa? Ambokile hakujua, na kutojua huko kulimla.

Alichokiweza alikifanya. Alilifungua lori la tajiri, akayatoa majani aliyoyaongeza. Kisha akafua jani moja nene kila upande, akalifunga juu ya springi, ncha zake zikiwa hewani, hazigusi kitu. Gari likiwa tupu, jani hilo linakaa tu, linangoja, na zile za zamani zinapinda kwa raha. Mzigo ukiingia na gari likashuka kidogo, ncha zinakutana na vyuma alivyoviweka kwenye fremu, na jani linaanza kubeba. Tajiri alinung'unika juu ya siku zilizopotea mpaka alipoliendesha tupu, kisha likiwa limejaa, akanyamaza. Enoki, ambaye mzaha ulikuwa mate yake, alilibatiza jani lile Baba Mkwe.

"Linakaa mbali," akawaambia makuli, "haligusi mtu. Mpaka mambo yawe mazito."

Makuli walicheka sana. Ambokile aliinama akaokota nyundo yake. Enoki alipomwona usoni aliacha mzaha ule, ingawa jina lilishika, na madereva wa bonde waliendelea kulitumia wasijue lilikotoka.

Katika yale majani aliyoyatoa, Ambokile alilikata moja akalifua jembe. Alilifua kama walivyomfundisha wajomba, lenye mkia wa kupenya mpini, akalinoa, akampa Marita.

"Mpelekee."

Marita alirudi mikono mitupu.

"Amelipokea."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu, Baba Mika."

Chuma cha springi hakilii kama chuma cha dukani. Kikigusa changarawe kina sauti ya juu, nyembamba, inayokaa sikioni. Mvua za kwanza zilipoanguka, Ambokile akiwa amekaa kibandani asubuhi, aliisikia hiyo sauti kutoka shambani, ng'ambo ya migomba. Alisimamisha nyundo. Tangu siku ile, kila msimu, alimsikia Rut akilima. Alilima akiwa na mimba ya pili, akalima na mtoto mgongoni, mvulana, na baada yake akaja msichana. Ambokile alipata faraja, na hakujidanganya pia. Jembe zuri hulimiwa hata likitoka kwa adui. Sauti ile ilimwambia Rut ana jembe. Mengine haikumwambia.

Miaka ikaenda namna hiyo, hata vijana wakaanza kuzungumzia Uhuru vilabuni, na kile kikohozi alichotoka nacho vitani kikaamua kumaliza kazi. Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali. Mashamba ya mpunga yalikuwa makavu, ardhi imepasuka, na hakuna mtu aliyekuwa na jembe mkononi bonde zima. Ambokile alikuwa amelala chumba cha nyuma, amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Watu walikuja kumuaga. Tajiri wa kinu alikuja. Enoki alikuja akakaa chini kwenye sakafu. Nsajigwa, mzee sasa, alikuja na fimbo yake, akamshika ndugu yake mkono, akasema, "Yule ng'ombe nilikuonea." Ambokile akatabasamu. Mika alikuwa pale, na wajukuu waliletwa wakasimama kando ya kitanda wakiogopa.

Rut tu ndiye hakuweza kuja. Nyumba ilikuwa na paa moja.

Alasiri, watu wakiwa wameanza kuzungumza kwa kunong'ona, Ambokile aliinua kidole.

"Mama Mika," akasema. "Nani analima?"

Marita alisikiliza. Nyuma ya ukuta, karibu sana, palipokuwa na uwanja mtupu kati ya nyumba na migomba, jembe lilikuwa likigonga ardhi kavu. Lilikuwa na ile sauti nyembamba. Marita alitoka akaenda kuangalia, akarudi akajifuta macho kwa khanga.

"Ni Rut."

"Analima nini, kiangazi hiki?"

"Halimi kitu. Analima tu. Amegeuzia nyumba mgongo."

Ambokile aligeuzia ukuta ule uso. Baadaye akasema, "Fungua dirisha," na Marita akalifungua, akakaa kando ya kitanda akamshika mkono. Enoki alitaka kutoka amwambie Rut apumzike, ardhi ni ngumu. Mika akamzuia. Jembe liliendelea, jua likashuka nyuma ya migomba, na Rut hakupumzika. Alipoliweka chini ni pale aliposikia, ndani ya nyumba, kilio cha kwanza cha Marita.